Kutu na Wanja Ukingoni

Jumatatu, 3 Machi

Habari mbaya. Profesa ametuita ofisini, mimi na Bi Taratibu, akatuambia kwamba mwisho wa mwezi atabaki mwanafunzi mmoja tu katika maabara yake. Mmoja! Ataamua baada ya mkutano wa Ijumaa ya wiki ijayo, wageni wa maabara nyingine watakapokuja kuona kazi zetu.

Jina la Bi Taratibu nimempa mimi. Anafunga mlango taratibu, anakunywa chai taratibu, anakosea taratibu na kujirekebisha taratibu. Anaudhi. Watu wa aina hiyo ndio wanaopewa nafasi.

Nikiikosa, najua ninakokwenda. Shemeji, mume wa dada yangu, ambaye ninakaa kwake, ana duka la masinki na mabomba. Ameshanishonea aproni. Jina langu limetariziwa kifuani. Anasema ipo tu, haina haraka, lakini ameitundika mlangoni pa chumba changu.

Nimejiapiza: nitaipata Namba kabla ya Bi Taratibu.

Namba yenyewe ni hii. Tunachunguza vipande vya kioo cha ajabu, vyembamba mno. Katikati ya kipande umeme haupiti, hata ukiubembeleza. Pembeni, kwenye ukingo, unapita. Na ukingo ukiwa mzima, kipimo kinatoa namba ileile daima. Kipande kiwe kipana, kiwe chembamba, kiwe kimekatwa vibaya, Namba haibadiliki. Nani aliyeziambia elektroni? Nalala na swali hilo, naamka nalo.

Jumanne, 4 Machi

Zamu yangu ya kuandaa vipande. Kanuni ya maabara ni moja, imeandikwa ukutani kwa herufi nyekundu: ukingo haushikwi kwa chuma. Tuna kibano maalumu cha plastiki.

Tulikuwa nacho. Wiki iliyopita nilikibeba nyumbani kumtoa Shemeji kibanzi kidoleni. Kibanzi kilitoka. Shemeji akafurahi, akatupa kibanzi, akatupa na kibano. Kumwambia Fundi wa Baridi, mzee anayetunza jokofu letu na vifaa vyote? Sithubutu. Fundi huyo aliwahi kuninunia mwezi mzima kwa sababu ya bisibisi.

Nikapata wazo. Asubuhi nilichukua kibano cha Dada cha kung'olea nyusi, kutoka bafuni. Kidogo, chepesi, ncha kali. Kwa jicho langu kilikuwa safi.

Nikashika kipande cha kwanza. Nikakiweka chini ya hadubini. Mstari wa kahawia ukingoni! Kutu. Kibano cha watu kinakaa bafuni miaka na miaka, kisishike kutu?

Kipande cha pili nikakibeba kwa vijiti viwili vya mbao, pumzi nimeibana. Kimetoka safi, kinang'aa. Sasa nina viwili, kimoja safi na kimoja kichafu. Nimekaa nikiviangalia, na wazo jingine likaja lenyewe, bila kualikwa.

Alhamisi, 6 Machi

Bahati! Kipande cha Bi Taratibu kimepasuka. Nikamwendea kwa sura ya huruma, nikamwambia nimeandaa viwili na nimemchagulia kilicho bora. Nikampa kile cha kutu.

Akashukuru sana. Akaniuliza nilikishikaje. Nikajibu: kwa uangalifu mkubwa. Si uongo. Nilikuwa mwangalifu sana nilipokuwa nakichafua.

Kisha akaniachia zamu yake ya jokofu ya Jumatatu, kama shukrani. Hilo sikulitegemea. Nimejisikia vibaya hadi saa ya chakula cha mchana. Baada ya chakula nikawa mzima.

Niandike hapa kwa nini hila hii haina dosari. Ukingoni kuna njia mbili, ya kwenda na ya kurudi. Kila elektroni ina mzunguko wake: za kwenda zinazunguka huku, za kurudi zinazunguka kule. Elektroni ya kwenda ikikutana na uchafu wa kawaida, vumbi au kasoro ya kioo, haiwezi kugeuka. Ili igeuke lazima mzunguko wake upinduliwe, na vumbi halina ubavu huo. Basi inaupita uchafu, inaendelea na safari. Lakini chuma! Chuma ni ndugu wa sumaku. Chuma kinaweza kuipindua elektroni na kuirudisha ilikotoka. Namba itaporomoka. Bi Taratibu ataporomoka nayo, taratibu.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Fundi wa Baridi hapendi baridi ipotee bure, kwa hiyo amevipooza vipande vyote viwili pamoja. Jokofu hili si la maziwa. Ndani yake ni baridi kuliko mahali popote nitakapowahi kufika, na sifikirii kwenda.

Changu kimetoa Namba. Namba yenyewe! Mstari umenyooka kama shuka lililopigwa pasi. Nimecheza kidogo. Fundi akaniomba nisitikise mabomba.

Chake kimetoa chini ya Namba. Nikasogea kumpa pole, nimeshaipanga mdomoni. Hakuwa na huzuni hata chembe. Alikuwa ameinamia kioo cha kompyuta, kidole kimegusa mstari wake mbovu, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa: "Sasa hizi zinazorudi, zinarudi kutokea wapi?"

Nikacheka moyoni. Kisha akamwomba Fundi abadilishe baridi kidogo kidogo ili apime upya kila hatua. Kazi ya siku mbili! Kwa kipande kibovu! Nimekwenda nyumbani mapema.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji ameniuliza mezani, mbele ya wote, hicho ninachochunguza kinafanana na nini. Nikamwambia: fikiria bomba ambalo maji hayapiti katikati, yanapita kwenye ngozi yake tu. Akawaza sana. Akasema bomba la namna hiyo yeye angelirudisha kiwandani. Dada akauliza kama kuna mtu ameona kibano chake. Nikaomba nipitishiwe chumvi.

Jambo moja linanisumbua. Swali la yule mwanamke limenikaa kichwani kama mdundo wa ngoma ya jirani. Zinarudi kutokea wapi? Punje zote za kutu zinazirudisha, au moja tu yenye kiburi? Na baridi ikizidi, chuma kinazidi ukorofi, au kinapoa nacho?

Nikasema nimesahau mwavuli maabara. Hakuna mawingu. Nikaenda, nikafungua kompyuta ya pamoja, nikaangalia mchoro wake.

Ajabu! Anavyozidi kupooza, kipimo kinashuka. Kinashuka, kinashuka, halafu kwenye baridi kali kabisa kinageuka na kuanza kupanda tena, kinairudia Namba. Kutu ya bafuni kwetu inafanya vitu hivi! Nimekaa mbele ya mchoro ule hadi miguu ikafa ganzi. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyoona mwaka huu, na si changu. Wivu umenishika.

Jumatatu, 10 Machi

Profesa amekuja kuona matokeo. Akaangalia mstari wangu ulionyooka. Akasema: vizuri, hii tunaijua. Basi! Nilikuwa nimevaa shati jipya.

Akaenda kwa Bi Taratibu. Akasimama. Akavuta kiti. Chai yake ikapoa, ikaota utando, hajaigusa. Akauliza kuna nini kwenye ukingo huu. Bi Taratibu akasema hajui, kipande kiliandaliwa na mimi. Wote wakanigeukia.

Hapo ndipo ningeweza kusema. Neno lenyewe ni fupi: kutu. Lilifika hadi kwenye meno. Lakini nikisema kutu, wataniuliza kwa nini nilimpa mwenzangu kipande chenye kutu nikakiita bora. Nikasema ukingo ni safi, nimeuandaa mwenyewe, hakuna kilichougusa.

Profesa akauangalia tena mchoro. Kisha akasema kwa upole uliojaa hofu: kama ni safi na elektroni zinarudi, basi kuna kitu sote tumekielewa vibaya kwa miaka mingi. Ijumaa atasimama mbele ya wageni na kuwaambia hivyo.

Mungu wangu. Nilitaka kumkwaza mtu mmoja. Sasa nimeikwaza elimu yenyewe.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya kujiokoa. Nimejaribu njia tatu, zote zimefungwa.

Kwanza nikamwambia Profesa huenda ni vumbi. Akanikalisha na kunieleza kwa saa nzima kwa nini vumbi haliwezi. Mimi! Mtu niliyeyaandika hayo humu Alhamisi! Ilinibidi nitikise kichwa na kuandika.

Pili nikasema huenda saa ya ukutani ina sumaku. Bi Taratibu akaitikia kwamba ni wazo la kupimwa. Akaishusha saa, akaipeleka nje, akapima upya. Hakuna kilichobadilika, ila sasa hatujui ni saa ngapi.

Tatu nikamsingizia Fundi wa Baridi, kwamba mkanda wake wa suruali una bamba kubwa la chuma. Fundi akaniangalia kwa muda mrefu. Akaufungua mkanda, akaukabidhi, akafanya kazi siku nzima suruali ameishika kwa mkono mmoja. Hakuna kilichobadilika. Nadhani ameanza kuninunia.

Hii ndiyo taabu ya kusema uongo katika fani hii. Mtaani uongo unabishaniwa. Hapa wanaupima.

Alhamisi, 13 Machi

Mambo yameharibika.

Bi Taratibu aliniita kwenye korido, karibu na mitungi ya gesi. Alikuwa amekipeleka kipande jengo la pili, kwenye hadubini kubwa inayotambua kila kilichomo. Ukingoni kuna punje za chuma. Nikafungua mdomo niseme lolote. Akainua kidole.

"Na kuna kitu cheusi, chenye mafuta," akasema. "Ni wanja."

Nikamuuliza wanja umefikaje huko. Swali la kijinga kabisa, lakini lilikuwa limeshatoka.

"Mimi pia nina nyusi," akasema. "Kibano chenye kutu na wanja nakijua kikoje. Na kile cha plastiki hakijaonekana tangu wiki iliyopita."

Nikatazama sakafu. Sakafu haikunisaidia. Nilingoja anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Hakunitukana. Aliniambia kilichomuuma si kipande. Kilichomuuma ni kwamba alinipa zamu yake.

"Sema mwenyewe kesho, kabla Profesa hajasimama," akasema. "Mimi sitasema. Lakini usimwache mzee wa watu aaibike mbele ya wageni."

Akaondoka zake, akafunga mlango taratibu. Nimejisikia mdogo kuliko punje. Kesho nitasema. Nimeamua. Nitasema yote, neno kwa neno, kama mwanamume.

Ijumaa, 14 Machi

Nimesema. Karibu yote.

Wageni walikuwa wamejaa. Profesa alikuwa ameshika chaki, tai yake imepinda kwa msisimko. Nikapiga moyo konde, nikasimama. Nikasema ukingo ule una chuma. Ningekaa hapo hapo ningekuwa shujaa. Lakini nilipoona macho yale yote yananitazama kwa heshima, ulimi ukaendelea wenyewe. Nikasema nilikipandikiza chuma hicho kwa makusudi, kwa utaratibu wangu maalumu, ili kumpima mwenzangu kama atagundua.

Mgeni mmoja mwenye miwani akauliza, kwa hamu ya kweli, nilitumia kifaa gani.

Nikakohoa. Nikaomba maji. Mgeni akangoja. Wageni wote wakangoja. Nikaingiza mkono mfukoni na kukitoa kibano cha Dada. Kikapitishwa mkono kwa mkono. Kila mmoja akakiangalia, kisha akaniangalia nyusi.

Lakini jambo la ajabu ni lililofuata. Hakuna aliyenijali tena! Walipojua ni chuma, wakauvamia mchoro wa Bi Taratibu. Akauelezea vizuri mno. Chuma kinazipindua elektroni na kuzirudisha, ndiyo maana kipimo kinashuka. Lakini kwenye baridi kali kabisa elektroni za jirani zinaizingira punje ya chuma, zinaituliza hadi usumaku wake unanyamaza, kama ndugu wanaomzunguka mlevi arusini na kumkalisha kitini. Punje ikishakaa, msafara unapita tena, na Namba inarudi. Nikajikuta nimeinuka kitini ili nione vizuri. Nilisahau kabisa kwamba nimeaibika.

Baadaye Profesa aliniita ofisini. Kibano kilikuwa mezani, ndani ya mfuko wa plastiki. Hakupaza sauti.

"Tangu nianze kufundisha, sijaona mtu akipata matokeo mazuri hivi kwa bahati mbaya," akasema. "Ungeniambia kutu Jumatatu, nafasi ingekuwa yako. Nilikuwa nimeshaandika jina lako, kwa kuwa vipande vyote viwili uliviandaa wewe."

Nimekaa kwenye benchi nje hadi walinzi walipobadilishana zamu. Imeniuma. Naandika hivyo hivyo ilivyo: imeniuma sana. Nafasi amepewa Bi Taratibu.

Jumatatu, 17 Machi

Aproni inanitosha. Hilo ndilo baya zaidi.

Shemeji amenionyesha masinki yote, moja baada ya jingine, na sifa za kila moja. Mteja akaniuliza bomba lipi halishiki kutu. Nikamweleza kutu kwa kina, hadi akaomba kuzungumza na mwenye duka. Dada naye ameuliza kibano chake kitarudi lini. Nimemwambia kinafanyiwa utafiti. Akasema nyusi zake hazisubiri utafiti.

Mchana nikafungua bomba la maonyesho, nikatazama maji yanavyoshuka. Yanapita katikati, kila mtu anayaona, hakuna cha kujiuliza. Sijawahi kuchoka hivi. Nilidhani nataka nafasi ile ili nimshinde mtu. Kumbe nataka kujua punje moja inafanya nini ikiwa peke yake!

Jioni simu ikaita. Bi Taratibu! Amemwomba Profesa ruhusa ya kupata msaidizi wa mchana. Swali lake jipya ni hili: je, kila punje inazirudisha elektroni kivyake, au zikiwa nyingi zinakula njama? Anahitaji mtu wa kuweka punje za chuma ukingoni, kwa idadi inayojulikana. Profesa alicheka, akasema mtu wa kazi hiyo tunaye. Ni majaribio ya mwezi. Nikifanya kwa uaminifu, Profesa atafikiria kuongeza kiti cha pili.

Nikamuuliza kwa nini mimi. Akasema kwa sababu siku ile mbele ya wageni, katika watu wote, ni mimi niliyeinuka kuuangalia mchoro. Nimevua aproni simu ikiwa bado sikioni.

Jumatano, 19 Machi

Nimerudi! Fundi wa Baridi amenisalimia kwa nusu ya mdomo. Ni mwanzo mzuri. Nimepewa sindano maalumu, hadubini na meza yangu, ndogo, karibu na ndoo ya kupigia deki.

Nimekuwa mtu mpya. Nimefanya kila kitu polepole. Kipande cha kwanza punje moja, cha pili punje mbili, na kuendelea, vimepangwa kwenye kisanduku kama wanafunzi wa chekechea. Nimekagua kila kimoja mara mbili. Hata Bi Taratibu alipita nyuma yangu akaguna kwa kuridhika, na kutoka kwake huo ni mkutano wa hadhara.

Amesisitiza jambo moja tu. Kipande cha mwisho kisiguswe kabisa. Kibaki kitupu, cha kulinganishia vingine vyote. Alilisema mara tatu, akaniangalia machoni, nikaapa.

Akaenda kunywa chai. Nikabaki na kile kipande. Nikakitazama. Vingine vyote vina mkono wangu, vina jasho langu. Hiki hakina kitu. Profesa akikiona atasemaje? Atadhani nilichoka nikaenda zangu. Mtu anayetaka kiti cha pili hawezi kukabidhi kazi yenye pengo la namna hii. Na punje moja, ndogo kuliko zote, kwenye kona ambako hakuna anayeangalia, itaharibu nini?

Nimeiweka. Imekaa vizuri sana, pengine ndiyo bora kuliko zote. Kisha nikachukua kibandiko, nikaandika kwa mwandiko mzuri: SAFI.